Ukimya wa leseni unanitisha kuliko kifungu cha patenti

Nina orodha moja ya kurasa tatu ambayo nimeitunza mpaka leo. Tuliletewa na mwanasheria wa mteja, enzi hizo nafanya kazi kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inatengeneza programu ya kuhamisha data kati ya mifumo ya biashara, na mkataba wetu mkubwa kuliko yote ulikuwa unasubiri tu huyo mama aseme sawa. Alichukua kila maktaba ya chanzo huria tuliyotumia, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na wengine na kuachwa wazi watu wakitumie, akaandika jina na leseni yake, halafu akapaka rangi. Leseni iitwayo MIT kijani. BSD kijani. Apache 2.0 nyekundu. GPL toleo la 3 nyekundu iliyokoza. Pembeni ya zile nyekundu kaandika maneno manne tu: "kina kifungu cha patenti".

Tukamuuliza tatizo ni nini hasa, akatujibu, "Wanangu, leseni ikishaanza kutaja patenti na kesi na kunyang'anywa haki, mimi siiruhusu iingie kwa mteja wangu. Tafuteni nyingine." Tukaitikia sawa mama, tukakaa karibu miezi miwili tunang'oa maktaba 11 zenye rangi nyekundu na kupachika za kijani, na zingine zilikuwa mbovu kabisa ukilinganisha na tulizotoa, kuna moja ya kubana data ilikuwa polepole mpaka wateja wakaanza kupiga simu.

Zile rangi zilikuwa kinyume. Ndicho ninachotaka kukiandika leo, maana naona bado kampuni kibao zinapaka rangi vile vile, na madevelopa wanatii kama tulivyotii sisi bila kusoma hicho kifungu chenyewe ambacho wala siyo kirefu.

Kwanza tuelewane kuhusu patenti, au hataza kwa Kiswahili cha vitabuni. Hakimiliki inalinda kodi, yaani maandishi ya programu, kama ilivyoandikwa. Patenti inalinda namna ya kufanya jambo, ile mbinu. Kwa hiyo unaweza kukaa chini ukaandika programu yako mwanzo mwisho bila kuchungulia kodi ya mtu yeyote, hakimiliki ya mtu hujaigusa, lakini patenti ya mtu umeivunja na hata hukujua kama ipo. Kwa kawaida inadumu miaka 20 kuanzia siku maombi yalipopelekwa, na kila nchi inatoa za kwake kwa masharti yake. Ulaya mkataba wao wa patenti, kifungu cha 52, unasema programu za kompyuta zikiwa peke yake kama programu hazipewi patenti, ila mbinu ya kiufundi inayotumia programu inaweza kupita. Marekani nako mwaka 2014 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Alice na CLS Bank ilibana wale waliokuwa wanachukua wazo la kawaida wanaliweka kwenye kompyuta halafu wanaliombea patenti. Imebana, haijafunga.

Sasa chukua kampuni inayotoa maktaba yake bure, chanzo kiko wazi, kila mtu achukue. Unaichukua, unajenga biashara juu yake, miaka mitano inapita. Ile kampuni inabadilisha uongozi au inanunuliwa, wenye nayo wapya wanafungua makabati wanakuta kuna patenti inayohusu mbinu ile ile iliyoko ndani ya maktaba waliyoigawa. Wanakuandikia barua. Hawasemi umeiba kodi, kodi walikupa wenyewe, wanasema mbinu hukupewa, ilipie mrabaha. Je, leseni uliyonayo mkononi inakujibia nini hapo?

Kama ni MIT, inakaa kimya. Isome yote, ni aya tatu fupi, neno patenti halimo. Inakuruhusu kutumia, kunakili, kubadilisha, kuuza na kadhalika, na kuna wanasheria wazuri wanaosema "kutumia" na "kuuza" ni maneno ya sheria ya patenti, hivyo ruhusa ya patenti imo ndani hata kama haijatajwa jina. Hoja hiyo naipenda na naamini ina nguvu. Lakini ruhusa iliyofichama kwenye maneno utaipata vipi? Utaipata mahakamani, baada ya kulipa wakili, na huko ndiko utajua kama inawafikia na wateja wako, kama inabaki ukibadilisha kodi kidogo, na kama nchi hiyo mahakama zake zinaikubali hiyo hoja. BSD za kawaida ni hivyo hivyo.

Kama ni Apache 2.0, iliyotoka Januari 2004, nenda sehemu ya 3. Pale kila mchangiaji anakupa waziwazi leseni ya patenti, ya dunia nzima, ya milele, bila malipo, ya kutengeneza, kutumia, kuuza na kuingiza nchini ile kazi. Inahusu patenti zake ambazo mchango wake usingeweza kukwepa kuzigusa, iwe mchango peke yake au mchango ukiunganishwa na kazi alikoupeleka. Barua ile ya mrabaha ikija kutoka kwa mchangiaji unamrudishia sehemu ya 3 na mazungumzo yanaishia hapo. Hicho ndicho kitu mama yetu alichokipaka nyekundu.

Lakini simlaumu bure, kuna sentensi ya pili kwenye hiyo sehemu na ndiyo iliyomshtua. Inasema ukifungua kesi ya patenti dhidi ya mtu yeyote, na hata madai kinzani, yale unayoyatoa ukijibu kesi, yamo, ukidai kwamba ile kazi au mchango uliomo ndani yake unavunja patenti yako, basi leseni zote za patenti ulizopewa kwa kazi hiyo zinakoma siku hiyo hiyo unayofungua kesi. Watu wakisoma "zinakoma" wanaona giza. Sasa tulia uangalie kinachokoma. Ni leseni ya patenti tu, na ni ya hiyo kazi tu, ruhusa ya hakimiliki inabaki palepale. Na kinachofyatua mtego ni kitendo chako wewe, kushtaki watu kwa sababu ya programu ileile unayoitumia bure. Kampuni yetu haikuwa na patenti hata moja. Mteja wetu naye hakuwa nazo. Yaani tulikimbia mtego ambao ili ukunase lazima uwe na patenti, uende mahakamani, na uichague hiyo maktaba kuwa ndiyo adui.

Kwa anayemiliki patenti mambo ni mazito kidogo, na hapa nashauri asome polepole. Apache ikisema "wewe" haimaanishi ofisi yako peke yake, maana neno "taasisi" kwenye leseni hiyo limefafanuliwa kuwa ni wewe pamoja na wote wanaokumiliki, unaowamiliki, na mlio chini ya mmiliki mmoja, na umiliki kwao ni kuanzia asilimia 50 ya hisa au uwezo wa kuamua uendeshaji. Kwa hiyo kampuni dada mliyo naye kwenye kundi moja, ambaye hata hamjawahi kukutana, anaweza kufungua kesi kuhusu maktaba fulani na nyie mkajikuta leseni yenu ya patenti kwa maktaba hiyo imeondoka. Makundi makubwa ya kampuni yana haki ya kuwa na mtu anayefuatilia hilo. Duka la programu la watu sita halina sababu ya kukosa usingizi.

Leseni nyingine zinauma zaidi. MPL 2.0, leseni ya Mozilla ya mwaka 2012, ukimshtaki mtu kwamba programu ile inavunja patenti yako, unapoteza vyote, patenti na hakimiliki, ila yenyewe ina huruma upande mmoja kwamba madai kinzani haiyahesabu, ukishtakiwa wewe kwanza ukajibu mapigo hukosi kitu. GPL toleo la 3, iliyotoka Juni 29, 2007, inakukataza moja kwa moja kufungua kesi ya namna hiyo, na ukivunja unaingia kwenye utaratibu wake wa kupoteza leseni nzima. Toleo la 2, la mwaka 1991, halina kifungu cha kutoa patenti, lina sehemu ya 7 inayosema kama hukumu au makubaliano ya patenti yanakubana usiweze kugawa programu kwa masharti ya leseni hii basi usiigawe kabisa. Toleo la 3 liliandikwa watu wakiwa bado wamekasirishwa na makubaliano ya Novell, kampuni iliyokuwa inauza mfumo endeshi wa Linux, na Microsoft ya Novemba 2006, ambapo wateja wa Novell waliahidiwa kutoshtakiwa kwa patenti na watumiaji wengine wa Linux wakaachwa nje, ndiyo maana ndani ya sehemu ya 11 utakuta aya inayozuia mikataba ya kulinda wateja wako peke yao, na ina tarehe kabisa, Machi 28, 2007. Leseni ni nyaraka zenye kumbukumbu za ugomvi, ukijua ugomvi uliozizaa unazisoma kirahisi.

Ugomvi ninaoukumbuka vizuri kuliko yote ni wa React, maktaba ya kujengea kurasa za wavuti, maana niliufuata siku kwa siku. Facebook waliitoa React mwaka 2013 kwa Apache 2.0, halafu 2014 wakahamia BSD pamoja na faili la ziada lililoitwa PATENTS. Faili lile lilikupa leseni ya patenti, ila lilikoma ukiishtaki Facebook au kampuni zake kwa patenti YOYOTE. Siyo kuhusu React. Yoyote. Una patenti ya betri, wao wameitumia kwenye kifaa fulani, unawashtaki kuhusu betri, unapoteza leseni ya patenti ya React. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo na Apache, kule mtego unafyatuka ukishambulia programu yenyewe, huku unafyatuka ukimgusa mwenye programu popote pale. Kwa kampuni yenye patenti zake hilo ni jambo la kukalia kikao.

Julai 2017 Apache Software Foundation, shirika lenye leseni ya Apache, wakaiweka leseni hiyo kwenye kundi la zisizoruhusiwa ndani ya miradi yao, na jambo lilianzia kwenye RocksDB, programu ya Facebook ya kuhifadhi data, ambayo nayo ilikuwa na faili hilohilo, ikabadilishwa haraka ikawa na Apache 2.0 na GPL toleo la 2. Kwa React Facebook wakakataa kubadilisha mwezi Agosti. Katikati ya Septemba Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, akatangaza kwamba WordPress wanaachana na React, na Septemba 22 Facebook wakakubali, React pamoja na miradi yao mingine, Jest, Flow na Immutable.js, zikahamia MIT, na React 16 ikatoka siku chache baadaye ikiwa na leseni hiyo. Watu wakashangilia mtandao mzima.

Mimi sikushangilia. Angalia kilichotokea: faili lenye ahadi mbovu ya patenti liliondolewa, na mahali pake haikuwekwa ahadi nzuri, haikuwekwa ahadi yoyote. Kama ingerudi Apache 2.0 ilikotoka, kila mtumiaji angekuwa na ruhusa iliyoandikwa na yenye mtego mwembamba. Badala yake tulipata ukimya, tukaufurahia kwa sababu ukimya hautishi ukiusoma. Huyu ni yule mama wa kwetu na rangi zake, safari hii ni maelfu ya watu.

Na zipo leseni zinazovunja huo ukimya kwa kukataa. CC0, ile watu wanayoitumia kuachia kazi zao kwa umma, sehemu ya 4 inasema haki za patenti za mtoaji haziachiliwi. Ndiyo maana Fedora, mradi unaotoa toleo lake la Linux, mwaka 2022 walitangaza kwamba hawataipokea tena kwa kodi, ila kwa maudhui mengine sawa. Kuna na aina moja ya BSD inaitwa Clear, hiyo inakataa patenti kwa maneno makavu kabisa. Kwenye orodha yetu CC0 ilikuwa kijani.

Sasa isije ikaonekana nasema ukichukua Apache 2.0 umemaliza, hapana. Ahadi ya patenti ni ya waliochangia tu. Mtu wa nje ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja kwenye mradi hakukuahidi kitu. GNOME Foundation, shirika lisilo la faida, lilishtakiwa mwaka 2019 na Rothschild Patent Imaging kwa sababu ya Shotwell, programu ya kupanga picha, na hao washtaki hawakuwa wachangiaji wa Shotwell, kazi yao ni kumiliki patenti. Hakuna kifungu cha leseni kingezuia ile kesi. Kilichowaokoa ni kwamba walikataa kulipa, wakachangisha fedha, wakapigana, na Mei 2020 kesi ikaisha kwa makubaliano kwamba kundi lile la patenti halitatumika dhidi ya programu zenye leseni zinazotambuliwa na OSI, shirika linaloidhinisha leseni za chanzo huria. Jambo kubwa lile, waliwapigania hata wasiowajua.

Kwa watu wa nje dawa ni nyingine. Open Invention Network, iliyoanzishwa 2005 na IBM, Novell, Philips, Red Hat na Sony, inafanya kazi kama mkataba wa ujirani: unajiunga, unaahidi kutowashtaki wenzako kwa patenti juu ya programu zilizoorodheshwa kuwa mfumo wa Linux, na wao wanakuahidi vivyo hivyo. Oktoba 2018 Microsoft wakajiunga na patenti zaidi ya 60,000, na mtu aliyekumbuka mambo ya 2006 lazima alisoma habari ile mara mbili. Hii inawafunga wanachama tu, na kwa programu zilizomo kwenye orodha tu, ila ni nyingi.

Mfano ninaoutumia siku hizi nikiwaeleza vijana kazini ni OpenH264, programu ya kubana video ya kampuni ya Cisco. Chanzo chake kiko wazi kwa BSD, chukua, badilisha, hakuna anayekuuliza. Lakini mbinu za video za H.264 zilikuwa na patenti za kampuni nyingi zilizokusanywa pamoja na kutozwa ada, kwa hiyo Cisco mwaka 2013 wakasema sisi tutalipa ada hiyo kwa faili tulilolijenga wenyewe, ukilipakua kutoka kwetu umelipiwa. Ukichukua chanzo kilekile, mistari ileile, ukakijenga mwenyewe kwenye seva yako, ada ni juu yako. Kodi moja, leseni moja ya hakimiliki, hali mbili tofauti za patenti. Nikimaliza kuwaeleza huo mfano naona mtu anakaa kimya kidogo, na hapo najua ameelewa kwamba hakimiliki na patenti ni milango miwili na kila mmoja una ufunguo wake.

Jambo lingine ambalo biashara zinalisahau ni upande wa kutoa. Mfanyakazi wako akipeleka mchango kwa jina la kampuni kwenye mradi wa Apache 2.0, kampuni yako ndiyo imetoa leseni ya patenti zinazogusana na mchango huo, kwa dunia nzima, milele. Kama una patenti na unataka kuziuza baadaye, anayenunua atauliza ni zipi tayari mmezitoa bure na kwa nani. Mimi nasema changieni, changieni sana, ila meneja ajue anachokisaini, isiwe mkuu wa sheria anakuja kugundua baada ya miaka mitatu kwamba mhandisi fulani ijumaa jioni aliitoa ile mbinu. GPL toleo la 3 ina utaratibu wake hapo, ukiisambaza programu kama ulivyoipokea bila kuibadilisha hutoi leseni ya patenti, ukiibadilisha ukaigawa ndiyo unatoa, tena kwa toleo lako zima na siyo kwa kipande ulichogusa tu.

Turudi kwenye orodha yangu. Karibu mwaka mmoja na nusu baada ya kung'oa zile maktaba 11 kampuni yetu ikapata mnunuzi, na mnunuzi akaleta mwanasheria wake wa patenti kukagua. Kijana mpole, anaongea taratibu. Alipita haraka kwenye vitu vyote nilivyodhani vitamsumbua, akasimama kwenye ile maktaba ya kubana data, ya kijani, ya MIT, ile iliyokuwa polepole. Akaniuliza, "Kaka, hii imeandikwa na kampuni yenye patenti kwenye mbinu hii hii. Nani aliwapa ruhusa ya patenti?" Nikamwambia leseni ni MIT. Akasema, "Nimeona. Nauliza ruhusa ya patenti iko wapi." Nikamuonesha orodha yenye rangi. Akaisoma yote kimya, akaniuliza kabla ya hii mlikuwa mnatumia nini, nikamtajia, akaitafuta, akaifungua leseni yake, Apache 2.0, mchangiaji wake mkuu ni kampuni kubwa yenye patenti nyingi za kubana data na sehemu ya 3 imekaa pale inamfunga.

"Rudisheni hii," akasema, "halafu tuendelee."

Tuliirudisha kwa siku nne, kodi ya zamani bado ilikuwepo kwenye historia ya mradi. Zile maktaba ndogo za MIT zilizobaki tuligawana kuwaandikia wenyewe, mmoja mmoja, kuuliza kama wako tayari kuongeza Apache 2.0 pembeni ya MIT kama wenye lugha ya programu ya Rust wanavyofanya, mtumiaji achague. Tuliandika kwa watu saba. Watano walikubali, wawili kati yao walijibu siku hiyo hiyo, mmoja akasema hakuwahi kufikiria kwamba leseni yake ina pengo. Wa sita hakujibu. Wa saba, wa kampuni ile ya patenti, alijibu kwa heshima kwamba ofisi yake ya sheria haitaki kuongeza chochote kwenye leseni iliyopo.